Rapolas Gudynas: Miaka Arobaini na Miwili, na Mstari Mmoja Nilioumeza

Tarehe 31 Mei 2014, mwigizaji wetu Rapolas Gudynas anastaafu baada ya kulitumikia jukwaa letu hapa Kaunas kwa miaka arobaini na miwili kasoro miezi mitatu. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Danguolė Šimėnaitė, kazi ya kuandika wasifu wake, kwa kuwa ninamjua jukwaani kuliko mtu yeyote. Kwa miaka thelathini nimekaa kwenye kishimo kilicho mbele ya jukwaa, kitabu cha mchezo magotini, nikiwanong'oneza waigizaji maneno yanayowaponyoka. Kamati haikujua inamwomba nani.

Rapolas, mtoto wa fundi viatu wa mji wa Rokiškis, alijiunga nasi Septemba 1972. Katika mchezo wake wa kwanza alitakiwa aingize sinia na kutoka, basi. Aliliangusha. Akaliokota, akaliinamishia kichwa kama anayeliomba radhi, na ukumbi ukaangua kicheko. Mwongozaji akaamuru aliangushe kila siku.

Enzi za Kisovieti, watengeneza filamu walipenda urefu wake na macho yake ya kijivu, wakamvika sare za afisa wa Kijerumani katika filamu kumi na nne. Aliuawa katika kumi na mbili. Sokoni, bibi mmoja aliyeuza uyoga alikataa kumhudumia. "Wewe sina uyoga wako," alimwambia mbele za watu. "Jana nimekuona kwa macho yangu ukichoma kijiji!" Rapolas hakubishana. Jumamosi iliyofuata alimbebea vikapu, na nyingine, na nyingine, mpaka bibi akamwambia achukue uyoga wake aache kumfukuzia wateja.

Hapa ningeweza kuendelea na orodha ya michezo yake hamsini na mitatu. Lakini kuna jioni moja ya Machi 1996 ambayo wengi wenu mnaikumbuka, na mnaikumbuka vibaya kwa sababu yangu.

Wiki hiyo gazeti lilikuwa limemhoji kuhusu mchezo ambao alicheza kama msaga nafaka aliyefilisika, nafasi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Akasema hajawahi kuhitaji kunong'onezewa. Pengine alitania tu. Mimi nilikuwa nikimwokoa mara mbili tatu kwa wiki, miaka kumi na miwili. Nilisoma yale maneno nikiwa kwenye foleni ya mkate, uso ukaniwaka moto.

Jioni ile, katika tendo la tatu, Rapolas alikwama. Aligeuza macho kwenye kishimo changu, kama kawaida. Mstari ulikuwa chini ya kidole changu. Nilimtazama, nikafunga mdomo.

Nilihesabu mpaka tisa. Watu walianza kukohoa. Aldona, aliyecheza mkewe, akaruka kurasa mbili kuunusuru mchezo, na hakuna aliyeelewa tena kisa kinaendaje.

Nyuma ya pazia mwongozaji alinijia juu. "Wewe mama ulikuwa umelala?"

Kabla sijajibu, Rapolas akaingia kati. "Mwache Danguolė. Amesema, mimi ndiye sikusikia. Haya masikio yangu yameanza kuchoka."

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nikainama nikafunga kamba za viatu.

Alikwenda kwa daktari Liudvikas, akaambiwa masikio ni mazima. Hakuamini. Mwaka uliofuata aliiacha nafasi ya msaga nafaka kwa hiari yake. Wapolandi walipomwita kwenye filamu, nafasi ya kwanza ambayo hangekuwa Mjerumani, alikataa akisema hatasikia maelekezo. Tangu hapo amecheza mabawabu, makasisi na maiti. Nasi tulimtania. "Rapolas! Supu ya bitiruti imeiva!" tulikuwa tukipaza sauti kantini, naye akijibu, "Semeni na hili la kushoto, la kulia limeshastaafu!" Wote tulicheka. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Mwezi uliopita nilikwenda kwake, mtaa wa Aleksotas, na rasimu ya wasifu huu, iliyojaa sifa tupu. Mkewe Teofilė alitukatia mkate mweusi. Rapolas alisoma, akashukuru, akasema nimemstahi kwa kutoutaja ugonjwa wake wa masikio. Hapo nikamwambia yote.

Alivaa koti akatoka bustanini. Teofilė ndiye aliyezungumza.

"Miaka kumi na minane, mwanamke wewe," alisema taratibu, "ninapiga kelele ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nimepoteza sauti kwa ajili yako. Hebu nenda."

Nilikwenda. Siku ya nne simu ikalia.

"Iandike," alisema Rapolas. "Yote. Na jina la daktari uliweke, kwa sababu nilimwita mwongo mbele ya wagonjwa wake."

"Na mimi je?"

"Wewe tutaona," akasema, akakata.

Basi nimeandika. Daktari Liudvikas, ulisema kweli. Wenzangu, mwigizaji mliyempa nafasi ndogo alistahili kubwa, na aliyemwondolea ni mimi. Rapolas bado hajatamka kwamba amenisamehe, nami sitamharakisha.

Rapolas, kwa niaba ya wote wa jukwaani, wa taa na wa mavazi, asante kwa miaka yote uliyotupa, hata ile niliyokupora. Tunakuombea afya na siku nyingi za furaha pamoja na Teofilė. Zungumzeni kwa sauti ya chini mtakavyo. Ulikuwa unasikia kila kitu. Mimi ndiye niliyenyamaza.