Mguu Mmoja Hewani

Kijiwe chetu ni benchi moja refu la mbao nje ya kinyozi, mkabala na ukumbi wa sinema uliofungwa miaka kumi na moja iliyopita na unaofunguliwa tena leo saa kumi jioni. Tunaokaa hapo ni wanne. Kinyozi mwenyewe, mwenye birika la kahawa, tunamwita Wembe. Fundi cherehani ni Futi, kwa sababu utepe wa kupimia haumtoki shingoni hata msibani. Mimi ni Karani, kazi niliyostaafu nayo. Wa nne ni Mashine, aliyeonyesha filamu katika ukumbi ule kwa miaka thelathini na minne, peke yake katika chumba cha nyuma, bila mtazamaji hata mmoja kuiona sura yake. Leo, kwa mara ya kwanza, ameombwa asimame mbele ya watu aeleze ukubwa wa mchekeshaji mmoja wa filamu zisizo na sauti, ambaye filamu zake aliziongoza mwenyewe. Hotuba nimemwandikia mimi, kurasa mbili. Mchekeshaji huyo hapa kijiweni anaitwa Bwana Trei. Jina lake halisi lilikuwa kwenye mkebe wa filamu, lakini kutu ilikula herufi tatu za katikati, nami sitaji jina nisilolisoma lote.

– Hebu rudia pale mwisho, – Mashine aliniambia, akipuliza kahawa yake.

Nikasoma:

– "Mhudumu anapanda ngazi, mkononi ana trei ya vikombe kumi na viwili. Mguu mmoja unateleza, unabaki hewani. Hapo filamu inaisha. Mwongozaji mwingine angemwangusha. Huyu alimwacha juu."

– Hapo ndipo makofi! – akasema Mashine. – Miaka yote ile nawasha taa hapo hapo. Watu kimyaa kwanza, halafu ukumbi mzima unapasuka kwa kicheko. Mimi huko nyuma nachungulia kwenye kitundu, natetemeka kama nimeigiza mimi.

– Wenzake wanakusogezea kamera mpaka unahesabu vinyweleo vya pua, – akadakia Wembe. – Yeye kaiweka mbali, katulia. Mguu unauona, trei unaiona, na mbwa aliyelala chini ya ngazi unamwona. Vyote kwa mpigo! Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

– Wembe, mtu yuko juu ya ngazi, – nikamwambia.

– Ndio ukubwa wake, Karani. Kainama kwenda juu.

– Nyie mnaona mbwa, mimi naona pindo, – alisema Futi. – Suruali ya mtoto unaiachia kitambaa ndani ya pindo. Akirefuka, unafumua. Bwana Trei katuachia pindo, kila mtu amalizie kwa urefu wake.

– Basi mimi nimemwangusha mara mia, kitandani, – akasema Wembe. Muulize mke wangu. Naamka nacheka.

– Umemwonea bure! Haanguki. Alishuka taratibu, akagawa chai.

– Anaanguka!

– Na vikombe? Kuna aliyesikia kikombe kikivunjika?

– Futi, filamu haina sauti!

– Ndiyo maana nasema havikuvunjika.

– Nyamazeni, – Mashine alikata shauri. – Haanguki wala hashuki. Ile filamu yake nyingine inaanzaje? Yuko juu ya paa! Alifikaje paani? Ngazi ni ile ile. Filamu mbili, hatua moja. Mguu aliuinua huku, akaja kuukanyagisha kule, miaka miwili baadaye.

Futi alishika kichwa.

– Lahaula! Huyo si mtu, huyo ni ramani.

– Miaka miwili mguu uko hewani? – nikauliza.

– Karani, mvumilivu hula mbivu, – akajibu Mashine. – Iandike na hiyo.

Niliiandika pembeni, kwa penseli.

Ndipo msimamizi mpya wa ukumbi alipovuka barabara, binti mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi, amekumbatia mkebe wa bati.

– Shikamooni, wazee.

– Marahaba, mwanangu, – alijibu Mashine. – Viti vimetosha?

– Vimetosha, baba. Tulikuwa tunang'oa mbao zilizooza jukwaani, tukaukuta huu chini yake. Umefanana na ile mitatu uliyonipa ya Bwana Trei.

Nilivaa miwani. Pembeni palikuwa na jina la filamu ile ile ya mhudumu na ngazi, na chini yake, kwa wino mweusi: "Mkebe wa nne kati ya minne."

Niliusoma kwa sauti, kisha nikatamani nisingeusoma.

– Umeufungua? – Mashine aliuliza.

– Hapana, nimeogopa kuharibu. Baba, nauliza tu: leo niuonyeshe na huu, au tuishie pale pale ulipokuwa unawasha taa?

Wembe alinyanyua birika, akamimina kahawa kwenye kikombe kilichokwisha jaa. Futi alijizungushia utepe kidoleni mpaka ncha ya kidole ikapauka. Mashine aliupokea mkebe, akautikisa sikioni. Ulikuwa umejaa.

– Saa ngapi? – akaniuliza.

– Saa tisa kamili.

– Basi tuna saa nzima ya kuamua, – akasema, kwa sauti ya mtu anayejua anachokifanya, akauweka mkebe magotini na kuufunika kwa viganja vyote viwili.

Binti alibaki amesimama, akingoja jibu.