Shukrani kwa Jipi ya Tatu

Waheshimiwa viongozi wa mji na wa teritwari, Daktari Mkurugenzi wa hospitali hii, Baba Padri, wachefu mliotoka uwandani na mliotoka kandokando ya ziwa, Mzee Sévère, mfadhili wetu, pamoja na jamaa yako yote, wauguzi, wakunga na mashoferi, ndugu zangu wa pikipiki mliosimama nje ya ukuta kwa kukosa nafasi, nanyi wagonjwa mnaotusikiliza kupitia madirisha: nawasalimu wote kwa heshima, kila mmoja kwa cheo chake na kwa maumivu yake.

Mimi ni Gratien, mkulima wa Runingu na katekista wa kanisa letu kule. Nimeombwa kutoa shukrani kwa niaba ya wagonjwa wa uwanda wa Ruzizi, kwa sababu leo hospitali inapokea jipi mpya, ya tatu katika ukoo uleule wa magari, kubwa na ya fahari kuliko mbili zilizotangulia. Daktari Mkurugenzi aliniomba pia nieleze tofauti kati ya zile za zamani na hii, ili watu wajue tumetoka wapi. Nitaeleza. Wengi wenu mnazijua jipi hizo kwa nje, mkizipisha barabarani hapa Mulongwe, mjini Uvira. Mimi nazijua kwa ndani, nikiwa nimeshika kichwa cha mke wangu.

Jipi ya kwanza ilikuwa gari ya wakubwa kabla ya kuwa yetu. Ilipofika hospitalini bado ilikuwa na mapazia madirishani, ingawa viti vya nyuma vilikuwa vimeng'olewa na mahali pake kuwekwa benchi mbili za mbao. Vitesi vyake, yaani gia, vilihitaji mkono wa mtu mwenye nguvu. Moshi uliingia ndani, na kila shimo la barabara lilikupanda mgongoni. Ndiyo iliyomleta mke wangu, Generose, alipopata uchungu wa mtoto wetu wa kwanza na uchungu ukakataa kuisha. Njia nzima alikuwa akiniambia kwamba Mungu akimpa mtoto mwingine, atakuja Uvira kwa miguu. Lakini tulifika. Alipasuliwa, akapona, na binti yetu Irambona yuko darasa la tatu.

Je, niisifu jipi ile kwa sababu ilinipa mtoto? Ningependa, ila wapo hapa watu watakaoniuliza juu ya Fanny. Fanny alikuwa muuguzi kijana, mpole, mwenye kucheka kwa sauti ya chini. Walikuwa wakishuka milimani na mgonjwa wakati gurudumu lilipoteleza kwenye udongo, na jipi ikalala ubavu. Shoferi wetu, Cyprien, alitoka na mkwaruzo. Mgonjwa alitoka na mkono uliovunjika. Fanny alirushwa nje, kwa maana kwenye benchi zile hapakuwa na mkanda wa kumshika. Nilikuwa kwenye mazishi yake, nikamwona mama yake akikataa kuondoka penye kaburi. Hospitali ilipoamua kuiuza jipi ile kwa mfanyabiashara mmoja, sisi wa komite ya afya tulipiga makofi, nami nilipiga kwa nguvu.

Kisha ikaja jipi ya pili. Ndugu zangu, nitakuwa mwongo nikisema haikuwa nzuri. Ilikuwa na mikanda kwa kila mtu, mifuko ya upepo ya kumkinga aliye ndani, viti vya ngozi, na mashini ya baridi. Vitesi vilijibadilisha vyenyewe. Mbele ya shoferi palikuwa na kioo kinachoonyesha kila kitu, hata mbuzi aliyesimama nyuma ya gari. Wanawake wengi waliletwa nayo wakafika salama, na baadhi yao wako hapa. Generose, akiwa na mimba yetu ya pili, aliletwa nayo kupimwa. Aliporudi nyumbani aliniambia, akicheka, "Mule ndani mutu anaweza kusahau kama iko mugonjwa."

Ilikuwa siku ya soko, mchana, mwezi wa nne, wakati uchungu ulipomshika tena. Mvua ilikuwa imenyesha milimani tangu asubuhi, na huko kwetu mvua ya milimani tunaiona kwa miguu kabla ya kuiona kwa macho. Nilipiga simu. Hawakuchelewa. Cyprien alikuja na mkunga Agathe, wakamlaza Generose kwenye kiti cha nyuma kilichokunjuliwa kikawa kitanda, na mama mkwe wangu akabaki mlangoni na Irambona. Mpaka hapo, nani angekuwa na hofu?

Wanaoijua njia ya kijijini kwetu wanajua kijito kinachoikata kabla hujafika barabara kubwa. Wakati wa kiangazi watoto wanakivuka bila kukunja nguo. Siku ile maji yalikuwa yamepanda tangu Cyprien alipopita akija, yakafika juu ya nusu ya magurudumu. Cyprien alisimama, akashuka, akayapima kwa fimbo, akaniambia tutapita. Na tuliyapita. Nasema haya kwa ajili yake, kwa sababu watu wamemsema vibaya: Cyprien alituvusha. Ni upande wa pili, pale tulipokuwa tukipanda ukingo wa matope, ndipo taa ya njano ilipowaka, kisha nyekundu, na gari ikaanza kwenda kama mtu aliyekatazwa kukimbia. Kile kioo kilicho mbele ya shoferi kiliandika kwa Kifaransa, nami nilikisoma mwenyewe: injini imepunguza nguvu ili kujilinda.

Mnanisikia? Ilikuwa ikijilinda.

Haikufa. Ingekufa tungejua la kufanya. Ilinguruma polepole, ikapanda kidogo, ikarudi nyuma. Cyprien aliizima na kuiwasha, akafungua mbele, akapangusa nyaya kwa shati lake. Alipiga simu garaji moja hapa mjini, wakamweleza kwamba maji yameingia kwenye kitu kidogo kinachosema na ubongo wa gari, na kwamba dawa yake ni valizi, yaani ile mashini ya kusoma ugonjwa wa gari. Na valizi siku ile ilikuwa Bujumbura. Vijana wa shamba walikuja kusukuma. Jipi ile ni nzito kama nyumba.

Mtoto alizaliwa mle ndani, tukiwa bado tunasukuma. Nilisikia kilio chake nikashukuru, nikadhani jambo limekwisha. Kisha Agathe akafungua mlango, na mikono yake ilikuwa myekundu mpaka viwikoni.

Akasema, "Cyprien, usinifiche. Hii gari itaenda ao haitaenda?"

Cyprien akajibu, "Haitaenda, mama."

Agathe alirudi ndani, akaendelea kumkandamiza Generose tumbo kwa ngumi zote mbili, huku akituamuru tutafute miti na mashuka ya kutengeneza machela, kwa maana damu ya kumwongeza ilikuwa hapa hospitalini, si kwingine. Nilipanda nikakaa kichwani pa mke wangu. Mashini ya baridi ilikuwa ikipuliza vizuri sana. Hiyo haikupunguza nguvu. Akaniambia, "Gratien, niko nasikia baridi. Waambie wazime hii mashini."

Nikamwambia Cyprien, naye akaizima mara moja.

Baada ya muda akasema tena, "Niko nasikia baridi."

Nikamjibu kwamba imekwisha kuzimwa. Akanitazama kana kwamba nilikuwa nikimdanganya.

Tulimbeba kwa machela mpaka barabara kubwa. Ndugu wa pikipiki, wawili kati yenu mliosimama pale ukutani, mlikubali kumchukua, mmoja akimweka katikati na Agathe akimshika kwa nyuma, na mwingine akinibeba mimi na mtoto. Mlikimbia kama mnambeba mama yenu. Hatukuufikia mji. Agathe aliomba pikipiki isimame, nami nilipomwona anavua kitambaa chake cha kichwani na kumfunika, nilielewa.

Kesho yake mafundi walikuja na valizi. Walikausha kile kitu kidogo, ugonjwa ukafutwa, na jipi ikaondoka pale ukingoni kwa sauti ile yake nzuri, kama kwamba hakuna lililotokea. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye matanga, nikaisikia kwa mbali ikienda. Na juma lilelile niliiona jipi ya kwanza, ile tuliyoiuza, ile iliyomuua Fanny, ikivuka maji yaleyale na kupanda ukingo uleule, imejaa magunia ya mihogo. Sikujua nimchukie nani. Nilisimama pale mpaka moshi wake ukaisha.

Nilipoombwa kuja kusema leo, nilikataa. Agathe alinifuata Runingu, akaketi jikoni na mama mkwe wangu, kisha akaniambia, "Weye usiposema, atasema mutu mwenye hakufika pale." Ndiyo sababu nimekuja.

Mzee Sévère, sikiliza neno hili kutoka moyoni mwangu. Ulitoa mali yako kwa watu usiowajua majina, nasi tunakushukuru bila kinyongo. Gari hii itawabeba wengi kwenye lami, nayo itawabeba vizuri. Lakini nikiulizwa tofauti kati ya jipi ya zamani na jipi mpya, jibu langu ni kwamba ya kwanza haikumlinda Fanny alipoanguka, na ya pili, iliyokuwa mpya siku zile, haikumfikisha Generose alipohitaji kufika. Na hakuna hata mmoja wetu, mimi pia nikiwa mwenyekiti wa komite, aliyewahi kuuliza gari inapita wapi kabla ya kuuliza ina viti vya namna gani. Tumepata gari mara tatu. Kijito hatujakigusa.

Sisi wa Runingu tumekwisha kuanza kukusanya mawe ya kujengea kivuko pale kijitoni. Wanaume wanayatoa milimani, wanawake wanayabeba kutoka barabarani, na fundi mwashi ametuambia kwamba mawe peke yake hayatoshi; panahitajika mabomba makubwa ya saruji ya kupitishia maji chini. Hilo hatuliwezi. Naliweka mbele yenu, wala sitaliondoa.

Daktari Mkurugenzi, kwenye programu imepangwa kwamba sasa nipokee ufunguo kwa niaba ya wagonjwa. Naomba uniwie radhi: sitaupokea hapa. Mvua imenyesha milimani tangu alfajiri. Cyprien yupo, na nafasi ya kukaa ipo. Pandeni wakubwa wetu mnaopenda, pamoja na Mzee Sévère, na mje nayo mpaka kwetu. Mimi natangulia kwa pikipiki. Mtanikuta nimesimama ng'ambo ya kijito, na mama yake Generose amembeba mtoto. Mkivuka, nitaupokea ufunguo kwa mikono miwili mbele ya mtoto huyo. Msipovuka, mtakuwa mmeona.

Nawashukuru kwa subira yenu na kwa kunisikiliza mpaka mwisho. Mungu awalinde njiani.