Sala Yenye Mluzi

MAMA: Haloo? Nani mwenzangu?

BESI: Mimi, mama. Besi wako.

MAMA: Mbona namba ngeni?

BESI: Simu ya mwenzangu wa kwaya. Shikamoo.

MAMA: Marahaba. Mko salama huko kanisani?

BESI: Tupo... tupo barabarani. Kwenye kizuizi.

MAMA: Kizuizi tena? Si ulisema mnalinda kanisa?

BESI: Ndiyo hivyo. Tumetoa mabenchi, tumeziba njia. Watu wa kabila lile wasi—

MAMA: Mabenchi ya kanisa! Makubwa haya. Sikia, shemeji yako hajafika. Dada yako kamtuma aniletee dawa za presha, tangu asubuhi. Haloo? Mtandao huu nao—

BESI: Nipo.

MAMA: Akipita hapo mwambie chakula kinapoa.

BESI: Alipita, mama.

MAMA: Afadhali! Sasa mbona—

BESI: Kila mtu anaambiwa asali Baba Yetu kwa lugha yetu. Ndiyo apite.

MAMA: Basi hana shida. Si ndiyo sharti langu alipomchumbia dada yako? Nilimfundisha mwenyewe, mpaka Amina.

BESI: Alianza vizuri. Kufika kwenye "mkate"... akapiga mluzi.

MAMA: [Anacheka] Ah, mkwe wangu! Mluzi wa pengo langu la meno huo! Mpaka leo hajajua—

BESI: Anadhani ndiyo lugha yenyewe. Tulimwacha hivyo, tupate kucheka.

MAMA: Na huko?

BESI: Walicheka pia. Halafu mmoja akasema, "Huyu si wetu."

MAMA: [Mkwaruzo] ...nawe ukasema nini?

BESI: Mama—

MAMA: Ulisema ni shemeji yako. Ulisema ule ni mdomo wa mama yako.

BESI: Walikuwa wengi.

MAMA: Ulisema nini, Besi?

BESI: Alinitazama. Akadhani amekosea neno, akarudia polepole. Na mluzi wake. Mimi... nikatazama chini.

MAMA: Yesu wangu.

BESI: Wakamkatiza kwenye "utusamehe".

MAMA: Yuko wapi?

BESI: Mtaroni, nyuma ya mabenchi. Dawa zako ninazo, zilianguka—

MAMA: Yu hai? Nakuuliza wewe!

BESI: Nataka kurudi nyumbani, mama. Naogopa. Na salio la watu linaisha.

MAMA: Njoo.

BESI: Kweli, mama?

MAMA: Njoo naye.

BESI: Mama... hatembei tena.

MAMA: Si una mabega? Mbebe. Mpitishe katikati ya hao wanakwaya wenzako. Na wakikuuliza umembeba nani, waambie—

[Simu inakatika]