Historia ya Mzee Tabia, Aliyefundisha Kwamba Kilio Kisichojibiwa Hufa

Ndugu waombolezaji, majirani, mliofanya kazi na marehemu na wote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza, ninasimama hapa kwa niaba ya familia, mimi binti yake, mtoto wake wa kwanza, mwalimu wa udereva kwa kazi yangu, na nimeambiwa na baba mdogo, huku akinishika bega kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, kwamba marehemu hasemwi vibaya. Sitamsema vibaya, nitamsema alivyokuwa, na kama hayo mawili yatafanana mtanisamehe, maana si mimi niliyeyafananisha. Mama yetu, aliyeketi pale kwenye kiti chenye mto, nilimsomea karatasi hii asubuhi, akasikiliza hadi mwisho huku akichambua uzi kwenye gauni lake, kisha akasema nisome polepole, ili mdogo wangu apate kufuata midomo yangu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, akiwa mtoto wa pili wa karani wa posta na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya ofisi ya posta, ambako kwa maneno yake mwenyewe alijifunza kuwatazama watu kabla ya kujifunza kusoma, kwa kuwa dirisha la chumba chao lilielekea foleni ya wateja, naye alikuwa akikaa pale akibashiri nani atagombana na karani na nani atarudi nyumbani kimyakimya, na mara nyingi alipatia. Hicho ni kipaji, sikatai. Aliwapenda watu wakiwa upande wa pili wa kioo, na mtu akivuka kuja upande wake, mapenzi yalipungua.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1955 hadi 1961, akaendelea na sekondari, akahitimu ualimu mwaka 1969, akafundisha darasa la tatu kwa miaka michache, na mwaka 1972 akaingia chuo kikuu, ambako alikutana na somo la saikolojia, yaani elimu ya nafsi na tabia za binadamu, akalipenda kama mtu aliyepata ufunguo wa nyumba za watu wote. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1975 na ya pili mwaka 1978, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo akaajiriwa na chuo ambacho mkuu wake wa idara tunaye hapa mstari wa mbele, akafundisha Saikolojia ya Mwanzo, somo la wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2013. Uprofesa hakuupata, ingawa mtaani walimwita Profesa na hakumsahihisha hata mmoja, yeye aliyemsahihisha kila mtu kwa kila kitu, ila wanafunzi wake walimwita Mzee Tabia, na jina hilo lilimkaa vizuri.

Tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, ambaye alishona nguo za nusu ya mtaa wetu na aliyelipa kodi ya nyumba wakati marehemu akisoma, jambo ambalo marehemu hakulitaja katika hotuba yoyote, nami nalitaja hapa ili lisije likazikwa naye. Walijaliwa watoto wawili, mimi niliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1975, na mdogo wangu aliyezaliwa tarehe 22 Aprili 1981, fundi wa kuchomelea mageti, aliyekaa pale kulia kwa mama, akiwa amegeuza kichwa kidogo, na wengi wenu mmekuwa mkidhani anageuza kichwa kwa dharau.

Sasa niwaeleze juu ya shada la maua lililo kichwani mwa jeneza, lile kubwa kuliko yote, lililoletwa na idara, lenye utepe wa zambarau ulioandikwa kwa herufi za dhahabu, Kilio kisichojibiwa hufa, maana naona wengine mnausoma huku mkitikisa vichwa kama watu wanaosoma wosia. Maneno hayo ni ya marehemu, aliyatamka kila Septemba katika mhadhara wake wa kwanza, na mliosoma kwake mnayajua kwa moyo. Alikuwa akisimama mbele ya ukumbi, mikono nyuma, akifundisha kwamba tabia yoyote inayopata zawadi hurudiwa, na isiyopata zawadi hufifia mpaka ikatoweka, kisha anatoa mfano wa mwanawe mchanga aliyekuwa na tabia ya kulia ili abebwe, akawekwa chumbani, mlango ukafungwa, asibebwe, na siku ya tatu akanyamaza na hakulia tena ovyo. Mliandika kwenye madaftari yenu, mkafaulu mtihani, mkaenda makwenu mkafunga milango.

Mtoto yule ndiye yule pale. Ilikuwa wiki ya pili ya Juni 1982, naye alikuwa na umri wa mwaka mmoja na ushee, ana joto mwilini, anajivuta masikio, analia kilio ambacho mimi wa miaka sita nilijua si cha kudeka, na mama alijua, na jirani yetu mpishi wa shule alijua, akaja kugonga mlango mkono ukiwa bado na unga, akaambiwa na marehemu kwa upole kabisa kwamba hili ni jaribio, mama, tafadhali usilivuruge. Marehemu aliweka kiti chake mbele ya mlango wa chumba, akaketi na saa yake ya mkononi, na kila mama alipoinuka alimwambia kwamba akimbeba sasa atakuwa amemlipa mtoto kwa kulia, na kazi yote itaanza upya, na kuhusu joto alisema ndivyo anavyopata mtu yeyote anayepiga kelele kutwa. Mama alirudi kwenye cherehani, akakanyaga, akakanyaga, nami niliyekuwa nimekaa chini karibu na miguu yake niliona kwamba chini ya sindano hapakuwa na kitambaa. Kilio cha samaki, wahenga walisema, machozi huenda na maji.

Siku ya tatu mtoto akanyamaza, ghafla, akalala usingizi mzito, na marehemu akatoka pale mlangoni akiwa na furaha ambayo sikuwahi kumwona nayo tena, akambusu mama kwenye paji la uso, akasema umeona. Kwenye mto wa kulalia kulikuwa na doa la manjano kando ya kichwa cha mtoto, mama akadhani ni maziwa yaliyocheuliwa, akafua foronya. Baada ya majuma mawili, mtoto alipokuwa hageuki hata mfuniko wa sufuria ukianguka nyuma yake, mama alimbeba mgongoni bila kuomba ruhusa ya mtu hadi kwa daktari wa masikio, marehemu akafuata nyuma, na daktari akawaeleza wote wawili kwamba mtoto alikuwa na usaha masikioni, usaha ukazidi ukapasua ngoma za masikio yote mawili, na ngoma ikipasuka usaha hutoka, maumivu hupoa na mtoto hulala. Ndiyo maana alinyamaza, si kwa sababu kilio chake hakikujibiwa. Kwa kuwa matibabu yalichelewa ugonjwa uliendelea kula ndani, sikio la kushoto likafa kabisa, la kulia likabaki na nusu.

Marehemu aliyasikia maneno hayo kwa masikio yake mazima mawili, akasema ni sadfa. Septemba iliyofuata alianza kutoa mfano ule, na kila mwaka akauongezea nakshi, kwamba mtoto huyo sasa ni mtulivu kuliko watoto wote wa mtaa, na ukumbi ukapiga makofi. Najua kwa sababu mwaka 1995 mimi mwenyewe nilikaa katika ukumbi ule, mstari wa tano, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kama wengine, kwa kuwa ada kwa watoto wa wafanyakazi ilikuwa nusu, nikanyoosha mkono nikauliza kama mwalimu angependa kutueleza habari za masikio, naye akanitazama kama anavyomtazama mteja kwenye foleni ya posta, akawageukia wenzangu akasema kwamba huo, wapendwa, ni mfano mzuri wa hisia kuingilia ushahidi. Wakacheka. Wengine waliocheka wapo hapa, wamenenepa.

Nilivumilia mpaka juma la tatu, na namshukuru Mungu nilivumilia, maana juma la tatu alifundisha, tena alifundisha vizuri sana, kwamba vitu viwili kufuatana si ushahidi kwamba cha kwanza kimezaa cha pili, jogoo huwika na jua huchomoza, lakini ukimchinja jogoo jua litachomoza vilevile. Nilisubiri aunganishe juma la tatu na juma la kwanza, nikasubiri mpaka kengele ikalia, akafunga mkoba wake akaondoka. Mganga hajigangi. Nami niliondoka chuoni mwezi huo nikaenda kujifunza kufundisha udereva, kazi ambayo mwalimu ana breki upande wake, na mwanafunzi akikosea mwalimu anakanyaga, hasubiri kuona matokeo.

Jana, hapa nyumbani, mkuu wa idara alitutangazia kwa heshima zote kwamba mhadhara ule utasomwa kila Septemba kwa wanafunzi wapya, neno kwa neno, kuwa kumbukumbu ya marehemu. Naona unatikisa kichwa, mkuu, sijui unakubali au unakataa, lakini kaa tu, sijamaliza. Familia haikubali. Someni juma la tatu mkipenda, hata kila mwezi, lakini mkisoma la kwanza, someni na maneno ya daktari wa masikio, au msimtaje mdogo wangu kabisa, kwa sababu miaka zaidi ya thelathini ametumika kuthibitisha jambo ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kuulizwa.

Tarehe 5 Agosti 2021 marehemu alipatwa na kiharusi, akalazwa hospitali kuu kwa majuma matatu, akaruhusiwa kurudi nyumbani akiwa amepooza upande wa kulia na amepoteza maneno yote, mtu aliyeishi kwa maneno, akabakiwa na sauti moja tu, ya kulia. Mimi nilichukua zamu za Jumamosi, na nasema wazi mbele ya jeneza hili, alipolia nilimaliza chai yangu kwanza. Mdogo wangu alifunga karakana yake mchana, akahamia chumbani kwa marehemu, akachomelea reli ya kitanda ili asianguke, na kwa kuwa hawezi kusikia sauti ile ndogo hata akivaa kifaa chake cha sikioni, alichukua utepe mweupe wa pamba kwenye kisanduku cha mama cha kushonea, akafunga ncha moja kwenye mkono mzima wa baba, nyingine kwenye mkono wake mwenyewe, akamwonyesha kwa ishara, vuta.

Mzee alivuta. Alivuta kwa maji, kwa mto, kwa kugeuzwa, kwa inzi, na nyingi zilikuwa bure, kwa kutaka tu kuona kama mtu atakuja, na kila alipovuta mdogo wangu aliinuka. Nikamwambia kwa hasira, nikiwa nimesimama mbele yake aone midomo yangu, kwamba unamdekeza, kwa mujibu wa elimu yake mwenyewe unamlipa kwa kuvuta na atavuta mpaka akung'oe mkono. Mdogo wangu akacheka, akasema, dada, mimi elimu hiyo sikuisoma, nilikuwa mfano wake tu. Na kadiri miezi ilivyokwenda, mzee alivuta mara chache zaidi, sio nyingi zaidi, mwishoni akawa anaushika tu utepe kiganjani analala. Sitasema kwamba alituliza kilio kwa sababu kilijibiwa, nilifundishwa juma la tatu nisiseme hivyo, huenda alichoka tu. Lakini mambo hayo mawili yalifuatana, na mama aliyaona, na mimi niliyaona, na baba alikuwa na macho mazima.

Marehemu alifariki dunia Alhamisi tarehe 9 Februari 2023, kwa nimonia, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, nyumbani, asubuhi, mdogo wangu akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali kuu, na hasa daktari wa masikio, ambaye sasa ni mzee sana na hakuweza kufika, aliyesema ukweli kwa mtu ambaye hakuutaka. Tunawashukuru majirani, na mbele yao wote mpishi wa shule, aliyegonga mlango ule mwaka 1982, mama, uligonga, hatujasahau. Tunawashukuru wenzake marehemu wa chuoni kwa kufika kwenu, na naona mkuu wa idara ameligeuza shada maandishi yakaangalia chini, basi kwa hilo tunakushukuru wewe peke yako, tena sana.

Mdogo wangu, najua unanifuata. Utepe wa upande wa baba muuguzi aliyeitwa nyumbani aliukata asubuhi ile alipofariki, wako bado uko mkononi, umeuficha chini ya mkono wa koti, umekataa kuufungua siku tano hizi, na kila mtu anayekupa pole anauona. Mimi sina ombi kwa baba kwa ajili yangu, ninalo kwa ajili yako tu. Pumzika kwa amani, baba, kila ulipoita aliitika, sasa mwachie mkono wake.