Kufuli Tatu na Kompyuta Moja

Naomba radhi kwanza kwa mwandiko wangu na kwa maneno nitakayokosea. Niliishia darasa la nane, na nikiandika mkono wangu huenda polepole. Pia siwezi kusimama mbele ya watu, ndiyo maana nimemwomba katibu wa chama chenu awasomee huku mimi nimekaa nyuma, karibu na mlango. Tafadhali msigeuke kunitazama.

Chama chetu cha kuweka akiba kiko Kiganjo, hapa Thika. Tuna kibanda cha kupiga chapa na kujazia watu fomu kwenye mtandao, na mimi ndiye ninayekaa humo. Sina kazi nyingine. Kompyuta yetu ilikuwa moja tu, imechakaa, na ilizoea kuzima mteja akiwa katikati ya fomu. Chama kikaamua tuunde nyingine ya akiba kwa vipande vya mitumba.

Sasa, sanduku letu la akiba lina kufuli tatu. Ufunguo mmoja hukaa kwa mama mwenyekiti, mwingine kwa mweka hazina, wa tatu kwangu, ili mtu asifungue peke yake. Tumeringia kufuli hizo kwa muda mrefu. Basi tukanunua kompyuta kwa njia ile ile. Kila mwenye ufunguo angenunua kipande chake, kwenye duka analolijua mwenyewe, bila kumwambia mwenzake wala muuzaji mambo mengi. Tuliona kwamba ili wizi ufanyike ingebidi watu watatu waelewane, na sisi hatukuwa watu wa kuelewana.

Mama mwenyekiti alinunua kasha la kompyuta hapa Thika mjini, likiwa na kile kisanduku cha ndani cha kugawa umeme. Mweka hazina akanunua bodi, ile sahani ambayo kila kitu huchomekwa juu yake, ikiwa na prosesa yake, ule ubongo wa mashine. Mimi nikaenda Ruiru kununua ram, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, na diski.

Muuzaji akaniuliza, "Bodi yako ni gani?"

Nikamwambia hilo halimhusu. Nilidhani anapima ujinga wangu. Nikaitisha ram ya aina mpya kuliko zote alizokuwa nazo, kwa kuwa niliamini iliyo mpya ndiyo bora. Kisha nikatoa mfukoni rangi ya kucha ya dada yangu, nikaitia nukta nyekundu pale pale mezani kwake. Nilitaka siku ya kuunda niijue ram yangu.

Vyote vikaingia sandukuni, kila kitu ndani ya mfuko wake, tukafunga kufuli zote.

Siku ya mkutano tukafungua. Ram ikakataa kuingia kwenye bodi. Plagi kubwa ya umeme, ile ya kasha la mama mwenyekiti, nayo ikakosa mahali pa kuchomekwa. Mweka hazina, ambaye ni mtu mzima wa kiwandani na sauti yake inajulikana, akanitazama.

"Wewe kijana, ile ram nzuri umeuza wapi?"

"Ndiyo hii. Ina alama yangu."

"Kwani uliweka alama ya nini, kama hukuwa na mpango?"

"Na mtu mnyamavu hivi," mwingine akasema, "huwa ana jambo."

Ndugu zangu, nawaambia, nilianza tu kuirudisha ram kwenye mfuko wake. Mama mwenyekiti akanyoosha mkono, akachukua ufunguo wa kibanda. "Kaa kando kidogo, mwanangu, tuchunguze." Ufunguo wa sanduku waliniachia, maana hawakukubaliana ni nani mwingine wa kuaminiwa nao.

Nikaenda Ngoliba kwa shosho, nyanya yangu, nikawa nampalilia shamba. Kichwani nilikuwa na swali moja tu, ni nani aliyebadilisha. Nilimshuku mweka hazina kwa sababu alipiga kelele kwanza. Nikamshuku mama mwenyekiti kwa sababu aliniita mwanangu. Mwishowe nikamshuku muuzaji, nikaenda Ruiru kumgombeza. Kwa mtu kama mimi, kwenda kugombana si jambo dogo.

Hakukasirika. Akauliza tena, "Bodi ni gani?" Safari hii nikamweleza ilivyo.

"Ngoja," akasema. "Kuna mzee mwenye koti la kiwandani alinunua bodi kama hiyo hapa. Ni ya mashine za ofisi. Nilimuuliza atatumia ram gani, akaniambia nishughulike na biashara yangu. Alisema anatoka Kiganjo."

Nikafikiri, kumbe yeye na mweka hazina wamekula njama pamoja. Nadhani aliisoma sura yangu.

"Basi sitagusa kitu," akasema. "Mje wote watatu, mje na vyote."

Nilipomwambia mama mwenyekiti, alinijibu hapo hapo. "Hata mimi nina maswali yangu kwa huyo mzee," akasema. Ndivyo alivyokubali. Tukaenda Ruiru na sanduku zima, kila mtu mkono wake uko kwenye mfuko wenye ufunguo.

Muuzaji akaweka ram kando ya tundu lake kwenye bodi. "Pengo la ram liko hapa. Kizuizi cha bodi kiko pale. Haijawahi kuingia hapa, na haitaingia hata mkiipiga nyundo. Na bodi hii inataka plagi ya kampuni yake. Hakuna kibovu hapa. Ni vitu vizuri visivyojuana."

"Na ram ni ile ile uliyomuuzia?" Mweka hazina alikuwa bado hajakubali.

"Hii nukta aliipaka hapa mezani kwangu, hata sijamaliza kumfungia. Nilifikiri ni mgonjwa."

Mama mwenyekiti ndiye aliyeanza kucheka. "Ngai, Mungu wangu, na mimi nilitoboa mfuko wangu kwa sindano, nijue kama utabadilishwa." Mweka hazina akakohoa, akatoa simu. Alikuwa ameipiga bodi yake picha pande zote.

Muuzaji akaipokea tena ile bodi, akatupatia ya kawaida yenye prosesa inayoifaa, ikakubali ram yangu na plagi ya mama. Tuliiona kompyuta ikiwaka kabla ya kuondoka. Kisha mweka hazina akataka kutoka nje anywe chai. Akatoa ufunguo wake wa sanduku, akautazama, akaniwekea kiganjani. "Shika, kijana. Narudi." Hajawahi kuniomba msamaha, na sijamdai. Siku iliyofuata nilikuwa kibandani.

Namshukuru yeye, namshukuru mama, na yule muuzaji aliyekataa kugusa kitu mpaka tuwe wote. Nanyi mkiunda ya kwenu, anzeni na bodi. Prosesa, ram, plagi ya umeme, kila kimoja ulizeni kama bodi hiyo inakikubali, na mfanye hivyo huku wote mnasikia. Muuzaji akitaka kujua una nini nyumbani, mwambie. Kama ni mwizi, atakuibia hata ukinyamaza. Mimi bado natia nukta nyekundu, sitawadanganya.

Kama kuna mtu humu ndani aliyewahi kuitwa mwizi kwa sababu ya kitu kilichokataa tu kuingia, aniandikie, ampe katibu karatasi. Nitajibu, hata kama ni polepole.