Maganda ya Injinia

Benchi letu limekaa kati ya kibanda cha fundi viatu na ukuta wa karakana ya mjomba wangu, juu kidogo ya mtaro. Linatosha watu watatu. Mimi huwa nasimama, maana mtu anayeelimisha wengine hakai. Fundi viatu tunamwita Kiraka. Redio alikuwa kinyozi, wateja wakamkimbia kwa maneno, sasa amebaki na maneno. Birika ndiye mwenye kahawa na jiko. Mimi ni Injinia. Jina nimejipa mwenyewe, ningewasubiri hawa ningezeeka. Siku hiyo wote tulijua kwamba saa nne afisa wa maji anakuja. Mjomba anachovya vitasa na mabomba kwenye tangi la maji ya shaba ili ving'ae, na maji ya kusuuzia yalikuwa yakimwagika mtaroni yana rangi ya buluu kama sare ya shule. Barua yake ilitupa wiki tatu tu za kuyasafisha, la sivyo karakana inapigwa kufuli. Wiki tatu zilikuwa zimeisha.

KIRAKA: Mdogo wangu, leo ndiyo leo. Usingizi ulikuja kweli?

MIMI: Nimelala mpaka nimeota nimeitwa kazini serikalini, nikakataa.

KIRAKA: Darasa la sita hilo, linaota makubwa.

MIMI: Niliondoka mapema, kaka, nisiwakatishe tamaa wenzangu.

Birika akanipa kahawa yangu. Kikombe alikuwa amekisugua kwa kitambaa mpaka unaona pua yako ndani.

BIRIKA: Chako nimekipitia mara mbili. Mtu anayeniletea magunia ya maganda ya kuwashia jiko bure hawezi kunywea kikombe chenye weusi.

MIMI: Ndiyo adabu hiyo. Wengine mjifunze.

REDIO: Hebu tueleze tena hayo mapipa yako, na safari hii usijisifu.

Hilo la pili haliwezekani, lakini nikaeleza. Mke wa mjomba anauza juisi ya ndizi, maganda yanajaa uani. Nayakausha, nayatwanga, nayajaza kwenye mapipa matatu yaliyotobolewa chini, moja juu ya jingine. Maji ya buluu yanaingia juu, yanashuka taratibu, yanatoka chini meupe. Shaba yote imenata kwenye maganda. Yakishashiba nayatoa, nayaanika, nampa Birika, najaza mapya. Mjomba aliponiona mara ya kwanza alidhani nimechanganyikiwa. Sasa ananiita bwana.

KIRAKA: Mimi bado sielewi. Ganda linaikamataje shaba, halina hata mikono?

REDIO: Njaa. Ganda limenyang'anywa ndizi yake, litakamata chochote kinachopita.

KIRAKA: Siyo njaa, ni udugu. Shaba imetoka ardhini, mgomba umetoka ardhini. Wamekutana mjini, hawataki kuachana.

REDIO: Kama ni udugu, basi mtu akila ndizi kumi akiwa ameshika kitasa, mlango unamfuata mpaka nyumbani.

KIRAKA: Mke wangu alikula nyingi akiwa na mimba ya kitinda mimba wetu. Yule mtoto sarafu haimtoki mkononi.

MIMI: Hapo sasa mnaanza kukaribia sayansi.

BIRIKA: Mimi ninachojua ni moto. Tangu nianze kuchoma haya maganda, moto wangu una kijani. Nadhani ni ule ubichi wa ganda unarudi.

REDIO: Huo siyo ubichi, ni roho ya ndizi inaaga.

MIMI: Ni ubora tu, wazee. Moto mwekundu ni wa watu wa kawaida.

Tulikuwa bado tunacheka pale mwanamke mmoja alipotokea kwenye geti la karakana, amevaa buti za mpira, mkono mmoja una chupa ya maji meupe, mwingine una fomu.

AFISA: Injinia ni nani?

Vidole vitatu vikanionyesha. Hivi ndivyo marafiki wanavyokusaidia.

AFISA: Maji yako nimeyapima. Yamefaulu.

Nikaegemea ukuta kama mtu aliyezoea. Kiraka akanipiga bega. Yule dada akaweka fomu juu ya goti, akatoa kalamu.

AFISA: Nimebakiza mstari mmoja kabla ya sahihi. Shaba ilikuwa kwenye maji, sasa haimo. Iko wapi?

MIMI: Kwenye maganda, dada. Hilo kila mtu hapa benchini analijua.

AFISA: Na maganda yaliyokwisha kazi? Mjomba wako amesema nikuulize wewe.

MIMI: Sisi hatutupi kitu. Yanachemsha kahawa unayoinusa hapo.

Akautazama moto wa kijani. Redio akafungua mdomo aanze habari ya roho ya ndizi, dada akainua kalamu, mdomo ukafungwa. Miaka yote ya benchi hili, hakuna aliyewahi kuweza hilo.

AFISA: Shaba haiungui ikaisha, kaka. Ganda linateketea, yenyewe inabaki kwenye majivu, tena ikiwa nyingi kwa mahali padogo. Mngeyakusanya yale majivu, ingetolewa humo ikarudi kwenye tangi la mjomba wako. Siyo kitu cha kugusana na chakula. Niambie hilo tu, nitie sahihi niende. Majivu yako wapi?

Mimi swali huwa nalijibu kabla halijaisha. Nikamtazama Birika. Birika akautazama mkebe wake wa majivu anayosugulia vikombe, kisha kitambaa chake, akakirudisha polepole nyuma ya mgongo. Kiraka akaitema kahawa mtaroni. Kalamu ilikuwa bado imesimama juu ya karatasi.

Nikainamisha macho. Kati ya vikombe vyote pale benchini, changu ndicho kilichokuwa kinang'aa zaidi, na kilikuwa kitupu.