Mzee Hodi na Kiwanja cha Nyuma ya Soko

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Mthamini Mwandamizi wa Ardhi, ambaye idara nzima inamjua kwa jina la Mzee Hodi, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini.

Alianza kama msaidizi wa upimaji, akapanda hadi kuwa bingwa wa viwanja vya majengo ya fleti. Sisi tulioanza hapa kama wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo alitufundisha hesabu yake kwa pumzi moja: kadiria bei ya fleti zitakazosimama, toa gharama za ujenzi na faida ya mjenzi, kinachobaki ndicho thamani ya kiwanja. Viatu vyake vilijaa matope hata kiangazi, na mama wa usafi aliapa siku moja atamkabidhi ufagio.

Lakini jina lake halikuzaliwa na mzaha. Katika mwaka wake wa tisa alithamini kiwanja kwa kutazama ramani tu, akaandika: kitupu. Ramani ilikuwa ya zamani. Kiwanjani ziliishi familia kumi na saba. Tingatinga lilifika na nakala ya taarifa yake. Bibi mmoja mgonjwa alitolewa nje na godoro lake, akafia kando ya barabara, mvua ikimnyea. Mzee alikwenda mazikoni, akamwambia binti wa marehemu kwamba mkono ulioandika ulikuwa wake. Tangu hapo hajathamini kiwanja bila kubisha hodi kila mlango.

Faili lake la mwisho ni la kiwanja cha nyuma ya soko, panapotakiwa kujengwa fleti mia moja na ishirini. Alikuta kaya arobaini na moja. Faili lilirudishwa mara tatu ili aandike kitupu. Mkurugenzi alimwambia mbele yetu, "Mzee, wewe pima ardhi, watu waachie wanaohusika." Akajibu, "Bosi, ardhi haijawahi kunifungulia mlango." Akatia sahihi: kinakaliwa.

Ndugu wafanyakazi, tumekuja kusifu miaka au kumsifu mtu? Makofi hayana uzito, kalamu inao. Jumatatu faili hilo litatua juu ya meza ya mmoja wetu, likiomba sahihi nyingine: kitupu.

Asante, Mzee wetu. Kapumzike vyema nyumbani, na kila abishaye mlangoni pako awe mgeni wa heri. Milango ni arobaini na moja, na njia ya nyuma ya soko umeshatuonyesha.